Tupeane uzoefu: mara yako ya kwanza kukwea pipa la Fastjet

Mzee wa Ubungo: Wakuu, nimepanga kabati nikakuta tiketi yangu ya Dar–Mwanza ya 2013. Hawa jamaa wa ndege za bei nafuu walianza Novemba 2012 na Airbus A319, kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Kabla ya hapo ndege kwangu ilikuwa ya kutazama ikipita juu. Karibuni.

Mwana Songwe: Mbeya walitufikia 2013. Bibi yangu alipanda akiwa na miaka 70!

Mama Wawili: Mniruhusu na mimi. 2014, saa nne usiku, kaka anapiga: mama amefariki Mwanza, anazikwa kesho alasiri. Basi la alfajiri lingenifikisha watu wameshatawanyika. Nyumba nzima tulikuwa na elfu ishirini. Majirani wakachanga usiku uleule, kijana wa jirani akanikatia tiketi kwa simu. Sikujua hata kufunga mkanda, nalia tu. Mama mmoja wa kiti cha pembeni akanifungia, akanishika mkono mpaka ziwa likaonekana. Nilifika mama hajaoshwa. Nilimwosha kwa mikono yangu.

Kijana Nyakato: Inna lillahi. Pole sana dada.

Mkweli Daima: Poleni, ila ile nauli ya shilingi 32,000 ya matangazo yao ilikuwa kabla ya kodi, na begi ulikuwa unalipia. Tusidanganyane.

Mzee wa Ubungo: Ukikata mapema ilikimbizana na nauli ya basi. Wewe ulitaka ubebe na kabati?

Mkweli Daima: Nimesema kodi, sijasema kabati.

Mwana Songwe: Jamani! Mtu anasimulia mama yake, nyie mnabishania begi.

Kijana Nyakato: Mimi nilikuwa nasubiri likizo ya Desemba 2018, mamlaka ya anga ikawasimamisha Fastjet. Zilitajwa deni na kukosa ndege. Airbus zilishaondoka, zilikuja Embraer. Ushauri: kata tiketi mapema.

Mkweli Daima: Usikate mapema. Shirika likifa, hela unaidai kwa nani? Na wakala wa mtaani usimguse, mmoja aliniuzia tiketi hewa nikaambiwa kaunta jina halipo.

Mzee wa Ubungo: Weka akiba ya msiba kwenye simu, basi.

Kijana Nyakato: Dada, yule mama wa pembeni ulichukua namba yake?

Mama Wawili: Sikuchukua. Alisema anaunganisha kivuko cha Ukerewe. Kama yumo humu, ajue nilimuwahi mama.