Kifurushi cha "wanaoanza" ni mtego: wazee wetu Dodoma wanapigwa mchana kweupe

Wakuu, salaam. Moda, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa bei za bando, mimi hapa sina ugomvi na bei. Ugomvi wangu ni na haya maneno mawili, "rahisi" na "kwa anayeanza", yanavyotumika kuwauzia intaneti ya nyumbani na kuwachuna watu wasiojua waulize nini.

Baba yangu mkubwa ni mwalimu mstaafu, anakaa Nkuhungu. Mzee hana makuu. Alichotaka ni kuwaona wajukuu zake kwa video jioni na kupitia vichwa vya habari asubuhi. Akakutana na vijana wa mauzo chini ya mwavuli, fulana zinang'aa, spika inapiga muziki. Shikamoo nyingi, kiti akavutiwa. "Baba, hii ni maalumu kwa anayeanza, wewe huna la kufanya, unachomeka kwenye umeme basi." Namba ya NIDA, kidole, hela ikatoka. Akarudi nyumbani na rauta nyeupe, kile kikasha cha kusambaza waifai, imefungwa kwenye nailoni kama kapewa tuzo.

Kampuni siitaji, na msinibane. Nimeuliza majirani Chang'ombe na Miyuji wenye kampuni tofauti tofauti, wimbo ni ule ule.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kifurushi cha mwezi hakikufika nusu ya mwezi. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba simu yake ikishaona waifai ya nyumbani inajiona iko peponi: inasasisha programu usiku, inapandisha picha zote mtandaoni, video za kwenye kundi la ukoo zinajishusha zenyewe. Bando likaisha. Akaongeza hela, nayo ikaliwa juu kwa juu kwa bei ya nje ya kifurushi.

Najua wapo watakaosema "lakini meseji za tahadhari huwa zinakuja". Ndiyo, zinakuja. Kanuni ndogo za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) za mwaka 2021 zilitaka mteja apewe taarifa akifikisha asilimia 75 ya kifurushi na kikiisha, na asihamishiwe kwenye bei ya nje bila ridhaa yake. Vizuri sana. Swali langu: meseji inakwenda wapi? Inakwenda kwenye laini. Laini iko wapi? Iko NDANI YA RAUTA. Rauta haina kioo. Ili uisome hiyo meseji inabidi ufungue kivinjari, uandike namba zenye nukta nukta, uweke neno la siri lililobandikwa chini ya rauta kwa maandishi ya sisimizi, kisha utafute sehemu ya meseji kwenye ukurasa wa Kiingereza kitupu. Hicho ndicho kifurushi cha "anayeanza".

Akapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza tatu, muziki, "wahudumu wetu wote wanahudumia wateja wengine". Baada ya kusubiri mpaka salio linakaribia kukata, binti akamwambia apakue programu ya kampuni ajihudumie mwenyewe. Mzee akapakua. Programu ikataka namba za uthibitisho. Namba za uthibitisho zikatumwa, eeh, nadhani mmeshajua, kwenye ile laini iliyo ndani ya rauta.

Nilikuwepo siku anahangaika nayo. Miwani kwenye paji la uso, daftari la kaunta buku limefunguliwa ukurasa alioandika "INTANETI" kwa mwandiko wa ubaoni. Akaichokonoa laini kwa pini ya nguo ili aiweke kwenye kitochi chake asome meseji. Laini ya rauta ni ile ndogo kabisa, tundu la kitochi ni la laini kubwa. Tukatafuta fremu ya kuivalisha kwa mjukuu wa jirani. Tulipofanikiwa kuiwasha, meseji ilikuwepo, ila muda wa zile namba ulishapita. Tunaomba nyingine, programu inasema subiri. Mtu aliyefundisha hesabu watoto wa Kongwa na Mpwapwa miaka yote ile anafanywa ajione mjinga na kikasha cha plastiki.

Basi akasema anarudisha. Wapi! Ofisini wakamtolea mkataba: miezi 12, na kifaa kirudi na boksi lake. Boksi kuku keshatagia.

Hapo ndipo nakuja kwa wajuaji wenzangu. Tangu kampuni ya AOL ya Marekani izime intaneti yake ya kupiga simu (dayalapu) tarehe 30 Septemba 2025, humu kumekuwa na mapambio: ooh, dayalapu ndiyo ilikuwa rafiki kwa mgeni, watoa huduma wa zamani walijua kumpokea mtu asiyejua kitu. Jamani, nusu ya hayo ni kweli na nusu ni kumbukumbu za mtu aliyekuwa kijana.

Iliyo kweli ni hii. Ile intaneti ilikuwa haijifichi. Modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ikipiga namba ulisikia mlio wa simu, kisha yale makelele ya kukwaruza, unajua sasa nimeingia na saa inahesabu. Ukikata, umekata. Hakuna kitu kilichokuwa kinakula hela yako umelala. Kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa mno, na ndilo hasa linalomuua baba mkubwa leo: hajui ni wakati gani anatumia na ni wakati gani hatumii. Rauta yake ina taa tatu za kijani zinazowaka vile vile, iwe anaangalia wajukuu au simu inajisasishia mambo yake.

Lakini msitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ikifanya kazi bila kosa, inakupa kama kilobaiti 7. Picha moja ya simu ya siku hizi yenye megabaiti 4 ingechukua kama dakika 10, na hapo nyumba nzima haipigi simu wala haipokei kwa sababu laini ni hiyo hiyo. Na kwa mtu wa mkoani, kama namba unayopiga ya mtoa huduma iko mji mwingine, unalipa intaneti na unalipa simu ya masafa kwa dakika. Kuna waliovamiwa na programu za kihuni zilizokata muunganiko kimya kimya na kupiga namba za gharama kubwa ng'ambo. Bili ya simu ndiyo iliyowaamsha.

Na hao AOL wenyewe ndio walimu wa janja hii. Kweli waliwapokea wageni: diski ilikuja mpaka mlangoni, unaweka, unafuata maelekezo, umeingia. Ila ulikuwa unaingia kwenye uwanja wao, kwa programu yao. Desemba 1996 wakahamia bei moja ya dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa, watu wakafurika, laini zikawa zinalia bize kutwa. Wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa wakawabana, na mapema 1997 wakakubali kurudishia wateja fedha. Mwaka 2005 wakalipa dola milioni 1.25 kumalizana na jimbo la New York, kwa sababu mteja akipiga simu kujitoa alikuwa anazungushwa, na wahudumu walikuwa wanapewa bonasi kwa kuwabakiza watu. Mlango wa kuingilia mpana, wa kutokea haupo. Si ndiyo habari ya boksi la baba mkubwa?

NetZero, kampuni nyingine ya Marekani, nao walikuja 1998 na intaneti ya bure, malipo yako ni matangazo yaliyoganda kwenye kioo. Mimi hao nawaheshimu kidogo, kwa sababu hasara yako uliiona kwa macho tangu siku ya kwanza. EarthLink, wa huko huko, ndio wenye hadithi ninayoipenda: kijana Sky Dayton aliianzisha 1994 baada ya yeye mwenyewe kuhenyeka kuunganisha kompyuta yake. Mtu aliyeteswa na kitu akakijenga upya kwa ajili ya wanaoteswa. Nani kati ya mabosi wanaotuuzia rauta hapa amewahi kuchokonoa laini kwa pini?

Mkitaka ukweli wangu, mtoa huduma rafiki kuliko wote aliyewahi kutokea Dodoma ni yule kijana wa kaunta kwenye intaneti kafe. Unalipa kwa muda, anakufungulia barua pepe, anakuonyesha wapi pa kubonyeza, dakika zikikaribia kuisha anakuita: "Mzee, unaongeza?" Mtandao wenyewe ulikuwa wa kuvizia, kwani mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika Dar Julai 2009 na kabla ya hapo tulitegemea satelaiti zaidi. Lakini mtu hakutoka pale ameibiwa bila kujua. Leo mkongo tunao, serikali imehamia, treni ya umeme inafika, Mtumba kunajengwa kila uchao, halafu mstaafu wa Nkuhungu anashindwa kujua bando lake limebaki kiasi gani.

Na kutatua hili hakuhitaji mitambo. Tahadhari za bando zitumwe kwenye namba ya simu ya kawaida ya mteja, ile aliyoisajili kwa kidole kile kile, siku hiyo hiyo, chini ya mwavuli ule ule. Kwa anayeanza, matumizi ya nje ya kifurushi yafungwe mpaka aombe mwenyewe. Fundi au wakala aliyeuza awe na namba inayopatikana, hata kwa mwezi wa kwanza tu.

NYONGEZA: Naona kuna mdau kaandika "wafundisheni wazee wenu wenyewe, msilaumu kampuni". Mkuu, kampuni ndiyo iliyosema HUNA LA KUFANYA. Wangesema "baba, njoo na mwanao, kuna mambo sita ya kuelewa", nisingefungua uzi.

Na wewe unayesema tuende TCRA, asante, ofisi ya Kanda ya Kati tunaifahamu. Utaratibu unataka uanze kwa mtoa huduma, na malalamiko tumeshayapeleka kwa maandishi, nakala imegongwa muhuri. Wakikaa kimya tunapanda huko. Mwenye uzoefu wa hatua inayofuata aniambie hapa hapa niende na nyaraka gani.

Pia anayetumia mtoa huduma wa nyumbani anayeridhika naye maeneo ya Nkuhungu, Mnadani au Chang'ombe, aandike mambo matatu: tahadhari ya bando inaingia kwenye simu gani, akipiga simu anapokelewa na mtu au na muziki, na kama ameshawahi kumwona mtu aliyejitoa akafanikiwa. Mawakala msinifuate inboksi.