Nondo wa kiwavijeshi vamizi au wengine? Picha kutoka mtego wa mahindi

Mdau wa Mvomero
Wadau, naomba msaada wa kutambua nondo. Mtego ni wa ndoo, chambo ni cha kiwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda), umetundikwa kando ya mahindi ya wiki nne. Baada ya siku saba kuna nondo 23. Tisa wana doa jeupe la pembetatu kwenye ncha ya bawa la mbele. Sita ni wa kijivu tu, hawana alama, nikawahesabu kuwa majike. Nane wana rangi ya majani makavu na kitone cheupe katikati ya bawa. Picha nimepiga kwa simu kutoka juu, wakiwa wamefunga mabawa. Niandike 23 kwenye fomu ya hesabu ya kiwavijeshi vamizi?

Kipima Mbawa
Usiandike 23, mkuu. Chambo kinaiga harufu ya jike, kwa hiyo wanaokifuata ni madume. Jike anaweza kuingia kwa bahati, lakini sita kati ya 23 haiwezekani. Kwenye mtego wa taa ndiko utakuta jinsia zote mbili.

Hao sita huenda ni madume waliopoteza unga wa mabawa kwa kuhangaika ndani ya ndoo wiki nzima, au ni spishi nyingine. Pima jinsia kwanza: mgeuze nondo chali, tenganisha bawa la mbele na la nyuma kwa kibano, tazama shina la bawa la nyuma. Dume ana unywele mmoja mnene, mgumu, unaounganisha mabawa mawili. Jike ana nywele zaidi ya moja, nyembamba.

Wale nane wa rangi ya majani makavu karibu hakika ni Leucania loreyi (vitabu vingine huandika Mythimna loreyi). Kiwavi wake naye hula nafaka na nyasi. Huvutwa na chambo hicho kwa sababu harufu za spishi hizi mbili zina viambato vya pamoja. Tatizo hili limeripotiwa pia Togo. Ukiwajumlisha, hesabu yako inakaribia maradufu na mtu anapuliza dawa bila sababu.

Afisa Ugani Mstaafu
Naongezea kidogo, maana hata hao tisa nisingewapitisha kwa pembetatu peke yake. Dume wa Spodoptera littoralis, yule wa pamba na mboga, ana eneo la rangi ya samawati iliyofifia karibu na ncha ya bawa. Kwenye picha iliyopigwa kwa flashi linaweza kuonekana jeupe. Tafuta alama ya pili: kiwavijeshi vamizi dume ana doa lenye umbo la yai, rangi ya kahawia hafifu, lililolala kimshazari katikati ya bawa. Littoralis ana mistari myeupe inayofuata mishipa ya bawa na kugawanyika kama uma.

Kiwavijeshi wetu wa zamani, Spodoptera exempta, hana pembetatu hiyo nyeupe. Jike wake, ukimpata kwenye taa, ana kishungi cheusi tii kwenye ncha ya tumbo. Ndiyo alama ya kutafuta kabla ya kuangalia mabawa.

Mdau wa Mvomero
Shukrani wakuu. Picha nirudie vipi?

Kipima Mbawa
Kagua ndoo kila siku, au angalau kila siku ya pili. Siku saba ni nyingi mno, unga unakwisha. Nondo mbovu hata mtaalamu hamtambui kwa picha.

Mlaze kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, weka rula ya milimita kando yake. Zima flashi. Tumia mwanga wa dirisha unaotoka upande mmoja. Piga picha tatu: juu akiwa amefunga mabawa, juu ukiwa umeyafungua hadi bawa la nyuma lionekane lote, kisha chini. Bawa la nyuma ndilo watu hulisahau, na linasema mengi: la kiwavijeshi vamizi ni jeupe lenye ukingo mwembamba wa giza, la Helicoverpa armigera lina ukanda mpana wa giza. Huyo wa pili naye hupenda mahindi.

Afisa Ugani Mstaafu
Na chambo: vaa glavu, usishike cha kiwavijeshi vamizi kisha ukashika cha spishi nyingine kwa mikono ileile. Ndoo iliyokuwa na chambo kingine usiitumie tena kabla ya kuiosha vizuri kwa sabuni, harufu hubaki kwenye plastiki.

Wale sita waliopauka watunze kwenye bahasha ya karatasi, usitumie mfuko wa plastiki, wataota ukungu. Maabara hukata tumbo, huliloweka kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi lilainike, kisha hutazama viungo vya uzazi kwa darubini. Kwa sasa kwenye fomu andika tisa, baada ya kuhakiki lile doa la yai, na hao sita uwaweke safu ya "wasiotambuliwa".