Kibarua kimekatika, tumaini mtu alishikeje?

MkaaLikoni: Bwana asifiwe wapendwa. Mtu aliyepoteza kibarua bandarini, kodi ya nyumba inamdai na akitaka kuomba maneno hayaji, aanzie wapi? Aambiwe tu "amini"?

MwalimuChangamwe: Asianze na shukrani za kulazimisha, zitamkaukia mdomoni. Achukue Zaburi 13, ina mistari 6 tu: 1–2 malalamiko, 3–4 ombi, 5–6 tumaini. Aisome kwa sauti alfajiri kabla ya kushika simu, kisha aandike sentensi yake mwenyewe chini ya kila sehemu. Wengi hurukia mstari wa 5, ndiyo maana jioni wamelegea tena: uchungu haujasemwa. Siku sehemu ya tatu ikikataa, aiache wazi. Zaburi 88 huishia gizani, na bado ni sala.

DadaKisauni: Naongeza hapo, mwalimu. Yeremia 29:11, ule wa "mawazo ya amani" na tumaini, msimpe peke yake, tafadhali! Mstari wa 10 unataja miaka 70 kabla ya watu kurudishwa kwao, na wa 5 unawaambia waliohamishiwa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani. Basi aende kwa mwenye nyumba mapema, kabla deni halijalimbikizana, aombe kulipa kidogo kidogo. Tena asifunge kwa tumbo ambalo halijapata kitu tangu jana. Katika 1 Wafalme 19 nabii Eliya alilala na kula mara mbili kabla ya safari.

MkaaLikoni: Asanteni. Na akikosa usingizi wiki nzima?

DadaKisauni: Aende kituo cha afya, na wawili wa kanisani wamtembelee nyumbani. Ujumbe wa simu hautoshi.