Kukereza kalamu nyumbani: je, mti wa mbuni unafaa kwa anayeanza?

Mwalimu Mstaafu, Kibosho

Salaam kwenu nyote. Nimestaafu ualimu, na tangu mwaka jana natafuta kazi ya mikono ya kunishughulisha alasiri nikishatoka shambani. Mwanangu alinionyesha video ya mtu anayekereza kalamu za mbao kwa mashine ndogo inayokaa juu ya meza, nami nikavutiwa, kwa kuwa nimeng'oa mibuni mizee ili nipande miche ya kahawa aina ya Lyamungu inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na sasa nina rundo la magogo ambalo mke wangu analitazama kwa jicho la kuni. Je, mti wa mbuni unafaa kwa kalamu? Na je, ni lazima ninunue mashine mpya, au ile ya fundi anayekereza miguu ya vitanda mjini Moshi inatosha? Mwenye uzoefu anieleze kabla sijakigusa kiinua mgongo changu.

Fundi wa Sakina, Arusha

Shikamoo Mwalimu. Mimi nakereza miguu ya meza kwa riziki na kalamu kwa kujifurahisha, kwa hiyo nitaanza na mashine. Mashine nyingi za miguu ya vitanda zimeundwa na mafundi wetu wa kuchomelea, na kwa kazi yake hazina kasoro, kwa sababu mguu wa kitanda ukiyumba nusu milimita hakuna atakayeona. Kalamu haisamehe hivyo. Ndani ya mbao hugundishwa mrija wa shaba, na unapofika kwenye bushi za pembeni, yaani vipete vya chuma vinavyoonyesha unene wa mwisho, ukuta wa mbao juu ya mrija hubaki mwembamba kuliko milimita 1, kiasi kwamba mtikisiko mdogo tu huula upande mmoja hadi shaba ikaonekana.

Mashine ndogo yenye nafasi ya sentimita 30 kati ya kichwa na mkia inatosha kabisa, mradi tundu la kichwa lipokee koni ya Morse namba 2, yaani kipimo cha shina lililochongoka la kuchomekea vifaa, kwa maana vifaa vingi vya kalamu vimetengenezwa kwa kipimo hicho. Ukipata ya mtumba, soma kibati cha mota kabla ya kulipa. Iliyotoka Marekani huandikwa volti 110 au 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 utanunua moshi. Kalamu hukerezwa kwa mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, kwa hiyo vaa kinga ya uso, usivae glavu wala mikono mirefu, na uzungushe kipande kwa mkono kabla ya kuwasha ili uhakikishe hakigusi egemeo la patasi.

Dada wa Majengo, Moshi

Shikamoo Mwalimu. Mbuni unafaa sana: ni mgumu, una chembe laini, na rangi yake ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo hupendeza ukisuguliwa kwa msasa na kupakwa nta ya nyuki. Shida yake ni maji. Mara ya kwanza nilikereza vipande vya mti uliokatwa wiki tatu tu kabla, tena katikati ya masika, nikagawa kalamu sita kwa ndugu zangu nikijiona bingwa. Kufikia Agosti nne zilikuwa zimepasuka kwa urefu, kwa sababu mbao ilisinyaa na mrija wa shaba ndani yake haukusinyaa.

Tangu hapo nafanya hivi. Napasua gogo likiwa bado bichi, nikiukwepa moyo wa mti, maana kipande chenye moyo hupasuka hata ukikibembeleza. Nakata vipande vya milimita 25 kwa 25, urefu wa sentimita 15, napaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, kisha naviweka kivulini mahali penye upepo. Kila wiki navipima kwa mizani ya jikoni, na sitoboi kitu mpaka uzito uache kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo. Ni kazi ya miezi, Mwalimu, na hapo ndipo wengi wanapochoka.

Kijana wa Njiro, Arusha

Kwa nini asubiri miezi yote hiyo? Wachongaji wa vinyago wana mabaki ya mpingo uliokauka, na kalamu ya mpingo ukiing'arisha haihitaji hata vanishi.

Fundi wa Sakina, Arusha

Mdogo wangu, mpingo ni mti wa pili au wa tatu, si wa kwanza. Una mafuta yanayoikataa gundi, kwa hiyo ni lazima ufutwe kwa asetoni kabla ya kugundisha. Ukitobolewa kwa haraka hupata joto na kupasuka. Na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa ni lazima. Vilevile uliza umetoka wapi, kwa kuwa kuuvuna msituni kunahitaji kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwalimu aanze na mgrevilea mkavu wa fremu kuukuu, aharibu vipande kumi bila uchungu, huku mbuni wake ukikauka.

Mwalimu Mstaafu, Kibosho

Marahaba wanangu. Limebaki moja: sina mashine ya kutobolea ya kusimama. Tundu litanyookaje?

Dada wa Majengo, Moshi

Tumia mashine ileile ya kukereza. Kipande kishikwe upande wa kichwa na kizunguke, keekee ifungwe kwenye mkia isizunguke, nawe uisogeze taratibu, ukiitoa kila sentimita moja ili maranda yatoke na chuma kipoe. Acha kipande kirefu kuliko mrija, kwa sababu keekee inapotokea upande wa pili hubandua mbao. Hiyo sehemu iliyobanduka utaikata baadaye. Na unapoagiza vifaa, chagua kalamu nyembamba inayotumia keekee ya milimita 7, ambayo hata duka la vifaa vya ujenzi huwa nayo, kuliko zile za vipimo vya inchi. Ila agiza na wino wa akiba, maana hutumia mrija mwembamba wa chuma ambao maduka yetu ya vitabu kwa kawaida hayauzi.

Mwalimu Mstaafu, Kibosho *(baada ya wiki mbili)*

Nimepasua vipande 24, nimevipa namba na kuviandika kwenye daftari la zamani la mahudhurio. Namba 7 ilianza na gramu 96 na baada ya wiki moja ikawa 81. Mama watoto anadai mizani yake irudishwe jikoni kabla ya Jumapili.