Wadau wa kusini, wapi pa kupeleka wanafunzi kujifunza viumbe hai bila kwenda Selous?

ticha_shangani: Habari zenu wadau. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mtwara mjini, nina wanafunzi kama 30 wa klabu ya mali hai, wamechoka picha za vitabuni na mimi nimechoka kuchora kaa ubaoni. Kila nikiuliza naambiwa mbuga, mara Selous mara Mikumi, na hela ya basi hatuna. Kweli Mtwara na Lindi yote hamna sehemu mtoto akaenda asubuhi akarudi jioni ameona kitu?

mzawa_liwale: Njooni Liwale ticha, tembo mnawaona barabarani hahaha

binti_mikindani: @mzawa_liwale watoto 30 mpaka Liwale kwa siku moja, we unamtafutia mwenzio kesi na wazazi 😂
Ticha nenda Mikindani kwenye mikoko, ni kama kilomita 10 tu, daladala zipo. Ila angalia mwezi kwanza, nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maana bamvua huku saa nne asubuhi maji yameshatoka mbali, ukienda maji mafu, siku ambazo maji hayatoki mbali, mtaishia kupiga selfi. Chukua kamba ndefu uivute toka nchi kavu mpaka kwenye maji halafu watoto wafuate kamba waandike mti gani uko wapi, mchu ule wenye mizizi inayochomoza kwenye tope kama penseli, mkandaa, mkoko wenyewe uliosimama kwa miguu kama buibui, mlilana huko mwisho kabisa baharini. Usiwaambie kitu, wataona wenyewe kwamba miti imejipanga, ndo hapo uanze kuwauliza kwanini. Hilo somo hata Serengeti halipo.

korosho_tupu: Msimbati je? Watu wanaijua kwa gesi tu kumbe ile ni hifadhi ya bahari toka 2000, matumbawe yapo, kasa wanataga, na kuanzia Julai nyangumi wanapita. Ila kuna kiingilio, peleka barua ya shule mapema.

babu_rondo: Mimi nasema Rondo, kule Lindi. Kuna komba mdogo wa Rondo, hafiki hata gramu 100, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, duniani anaishi kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania tu na wanasayansi wamempa jina la kwetu. Sange pia wapo, wale wanyama wadogo wenye pua ndefu. Shida komba anatoka usiku, kwahiyo lazima mlale, na kibali mnaomba TFS, wale wakala wa misitu. Masika msijaribu, sisi tulikwama kwenye tope tukalala ndani ya gari na komba hatukumwona.

ticha_shangani: Asanteni sana, Rondo nitachukua watano wa form four wakati wa likizo. Tunaanza na Mikindani. Dada @binti_mikindani wale kaa wenye gando moja kubwa hawaumi? Maana mkuu wa shule lazima ataniuliza.

binti_mikindani: Lile gando ni madume wanawapungia majike ticha, wakikuona wanaingia shimoni. Ogopa chaza walioganda kwenye mizizi, wanachana mguu kama wembe. Waje na raba za zamani, kandambili zitabaki kwenye tope.