Espresso nyumbani Mtwara: nina laki 9, mashine gani na kahawa ya wapi?

mdau_wa_shangani
Wakuu habari za saa hizi. Niko Mtwara hapa Shangani, kahawa ya kijiweni nakunywa karibu kila jioni, ile ya kwenye dele na kashata pembeni, siidharau hata kidogo, ila sasa nataka espresso nyumbani, ile nzito yenye povu la kahawia juu. Bajeti laki 9 hivi. Kuna jamaa wa Kariakoo kanitumia picha za mashine mbili, moja imeandikwa bar 15 nyingine bar 20, anasema bar zikizidi ndo kahawa inatoka kali. Kweli? Alafu kahawa nichukue ya wapi, maana madukani huku nakuta ya kopo tu. Nisaidieni kabla sijatuma hela.

binti_mikindani
Usitume kwanza kaka. Bar ni kipimo cha presha, na hizo 15 na 20 ni uwezo wa pampu tu, espresso yenyewe inatakiwa kama bar 9 hivi pale kwenye kahawa, kwahiyo ya 20 unalipia namba ya kwenye boksi. Muulize kuhusu kichujio. Mashine nyingi za bei ndogo zinakuja na kichujio cha kuta mbili chenye kitundu kimoja chini, hicho kinatengeneza povu hata ukiweka unga wa mwaka jana, macho yanafurahi mdomo unalia. Tafuta inayokubali kichujio cha ukuta mmoja.

Na hela kubwa weka kwenye grainda, yaani kisagio cha kahawa, sio mashine. Nasema tena, GRAINDA. Blenda ya visu inakupa vumbi na mabonge humohumo, vumbi linatoa uchungu mabonge yanatoa uchachu, mashine hata iwe ya milioni 10 haiwezi kukuokoa hapo. Chukua ya mkono yenye meno ya chuma inayosaga laini mpaka espresso na unaweza kurekebisha kidogokidogo.

Mzee wa Buni
Vijana mnapenda gharama. Mimi nina moka pot, kile kibirika kinachopandisha kahawa kwa mvuke, juu ya jiko la gesi na kahawa ya Bukoba, asubuhi nakunywa nasikia mpaka kwenye kisogo.

binti_mikindani
Mzee wangu shikamoo 😂 moka tamu sijakataa, ila presha yake haizidi sana bar 1 na nusu, ni kahawa kali tu hiyo, espresso ni kitu kingine. Ila kwa Bukoba umegusa penyewe. Kahawa ziko aina mbili kubwa, robusta na arabika. Robusta ya Kagera kafeini yake ni kama mara mbili ya arabika na inatoa povu zito, hata Waitalia wengi wanaichanganya. Kaka jaribu arabika robo tatu na robusta robo.

fundi_umeme_lindi
Nachangia upande wangu. Kama mashine ni mtumba wa Marekani angalia kibao cha nyuma, ikiwa volti 110 ukiichomeka huku umeichoma, labda ununue na transfoma na hapo bajeti ishakufa. La pili maji. Angalia ndani ya birika lako la umeme, kama kuna magamba meupe basi na boila itakuwa hivyohivyo na inaziba, tumia maji yasiyo na chumvi nyingi. La tatu umeme ukikatika ndo basi tena. Kuna zile za kusukuma kwa mkono kama Flair, haina pampu wala waya, unachemsha maji kwenye gesi unamimina unakandamiza mkono, bar 9 unazifikisha vizuri tu. Kwa laki 9 mimi ningechukua hiyo na grainda ya mkono, chenji nanunua mzani.

mdau_wa_shangani
Hiyo ya mkono sikuwahi kuifikiria aisee. Mzani wa nini tena? Na kahawa bado hamjanijibu vizuri, iko Mbinga hapo jirani, inafaa?

binti_mikindani
Inafaa sana, arabika ya Mbinga inatosha kabisa na barabara ni moja, Songea Tunduru Masasi unaipokea stendi. Ya Mbozi au Kilimanjaro nayo poa. Angalia tarehe ya kukaangwa, sio ya kuisha muda. Ikiwa imetoka kukaangwa jana iache kama wiki itoe gesi, alafu itumie ndani ya mwezi. Nunua nzima, kidogokidogo, na usiiache wazi maana unyevu wa pwani hii unaujua, weka kwenye chombo kinachobana.

Mzani tafuta ule mdogo kama wa masonara unaosoma sehemu ya gramu. Weka gramu 18 za kahawa, toa gramu 36 kikombeni, sekunde 25 mpaka 30. Ikitoka kwa sekunde 12 na inachachua, saga laini zaidi. Ikidondoka matone kama bomba bovu na ni chungu, saga nene kidogo. Badili kitu kimoja kwa wakati usije ukachanganyikiwa.

Mzee wa Buni
Gramu 36! Mimi hiyo naonja tu kabla ya kikombe chenyewe.

mdau_wa_shangani
😂😂 Mzee wewe. Basi yule wa Kariakoo nishamwambia asitishe. Naanza na grainda na ya kukandamiza, hela ya korosho ikiingia tutaongea habari ya pampu. Fundi, hiyo Flair kuna mtu anaileta mpaka huku au niagize?

fundi_umeme_lindi
Agiza tu, mimi ilipitia Dar ikaja na basi. Hakikisha raba zake za akiba zimo ndani ya boksi, huku hupati.