Naomba ushauri: mlio mzito wa 500 Hz unatusumbua tunapopima usikivu nje ya chumba maalumu kisichopitisha kelele

Wadau, tunapima usikivu wa wafanyakazi wa kiwandani kwa odiometa ya kubebeka, ndani ya ofisi ya kawaida. Nta ya masikio hukaguliwa kwanza. Mtu akisikia mlio tunashuka desibeli 10, asiposikia tunapanda 5. Wote hupimwa kabla ya zamu, baada ya saa 14 bila kelele, maana uchovu wa muda wa sikio hufanana mno na uharibifu wa kudumu.

Kwenye 500 Hz karibu kila mtu anaonekana ana upungufu, hata vijana wanaosikia vizuri mlio mwembamba wa 4000 Hz. Kelele za kazini huanza kuharibu kati ya 3000 na 6000 Hz, kwa hiyo nashuku feni na muungurumo wa mashine, si masikio. Hedifoni za kawaida hazizuii vizuri sauti nzito.

Je, tuhamie vipokea sauti vya sponji vinavyoingia ndani ya tundu la sikio? Hofu yangu ni kwamba vipimo vya mwanzo, tunavyolinganisha navyo, vilichukuliwa kwa hedifoni. Mnatenganishaje badiliko la kifaa na la sikio? Kumpima mtu kwa vifaa vyote viwili siku hiyohiyo kunatosha?